Siku moja wodini: nikuite nani?

Saa 1:30 asubuhi. Makabidhiano. Sista wa zamu ya usiku anatupitisha kitanda kwa kitanda: sita hakulala, tisa presha imepanda. Kwenye ripoti namba sina ugomvi nazo. Ila nipo wodi ya wanawake hapa Tanga, na ukimwita mtu mzima wa Tanga "kitanda sita" usoni pake, atakugeukia ukutani, dripu na yote.

Saa 2. Salamu kabla ya mashine ya presha. Shikamoo kwanza, halafu "Bi" na jina lake kwa wakubwa; wa rika langu ni dada. "Bibi" silitumii mpaka nipewe ruhusa. Leo mwanafunzi wetu kamwita hivyo mama wa miaka hamsini na kitu, hina mbichi mikononi. Akajibiwa, "Bibi yako nani? Wajukuu zangu wako Muheza!" Wodi nzima ikacheka. Presha ikabidi isubiri.

Saa 3. Raundi ya daktari.

Saa 4. Dawa. Hapa heshima peke yake haitoshi. Tuna akina Mwanaidi wawili, vitanda vinatazamana (majina ya humu nimeyabadilisha). Siulizi, "Wewe ndiye Mwanaidi fulani?" Mwenye homa au asiyesikia vizuri ataitikia "ndiyo" kwa jina lolote, tena wengine wanaona aibu kumkatalia sista. Nasema, "Nitajie majina yako matatu," kisha nalinganisha na namba ya faili. Tulifundishwa kuuliza na tarehe ya kuzaliwa, lakini wazee wengi faili linasema tu 1 Januari. Ikiwa ni kuongezewa damu, tunahakiki wauguzi wawili. Namba ya kitanda haihesabiki kabisa, watu huhamishwa.

Saa 6 mchana. Ndugu wanaingia na mabakuli, na ndipo ninapookota majina ya nyumbani: Somo, Shangazi, Mama Fulani. Hilo la mwisho sikurupuki nalo. Yupo ambaye huyo mtoto alishamzika. Na kuna dada pale dirishani, mimba imetoka juzi, mawifi bado ulimi umezoea "mama kijacho". Nilimuuliza pembeni nyumbani kwao wanamwitaje. Akanitajia jina alilopewa na shangazi yake utotoni. Wodini hatumwiti vingine.

Saa 8. Napeleka mafaili kliniki ya tiba na matunzo, ile ya wanaoishi na VVU. Kule kwenye benchi wanaita namba, na nawaunga mkono: jina likitajwa kwa sauti, jioni mtaa mzima unalo. Jina lake atalisikia ndani, mlango ukishafungwa.

Saa 9:30 alasiri. Makabidhiano tena. Pembeni ya ripoti nimeandika: "Kitanda 4 ni mwalimu mstaafu. Ukianza na 'Shikamoo Mwalimu' anameza dawa bila ubishi." Mwenzangu wa zamu ya jioni anauliza alifundisha somo gani. Hesabu. "Basi vidonge atanihesabia mwenyewe," akachukua toroli akaenda.