Siku moja kwenye chumba cha eko, Moshi

Ukisema unafanya kazi ya eko, yaani kuupima moyo kwa mawimbi ya sauti, wengi wanachoelewa ni kupaka jeli kifuani na kupiga picha. Kazi yenyewe ni kupima. Na kwa mgonjwa anayesubiri kubadilishiwa valvu ya aota, mlango wa damu inayotoka moyoni kwenda mwilini, vipimo hivyo ndivyo vinavyojibu swali ambalo ndugu huuliza mlangoni: akifanyiwa upasuaji, atainuka? Daktari atatoa valvu mbovu na kuweka mpya, lakini mgonjwa anarudi nyumbani na msuli wa moyo uleule. Kwa hiyo nusu ya kipimo inahusu valvu, nusu nyingine inahusu kila kilichoko nyuma yake.

Saa 1:15 asubuhi. Mashine inawashwa, probu, vifaa vya kuweka kifuani, zinafutwa, waya za kufuatilia mapigo zinakaguliwa. Julai Moshi asubuhi ni baridi kweli, kwa hiyo chupa ya jeli inakaa kwenye maji ya vuguvugu. Mgonjwa anayetetemeka anaharibu picha. Mizani na kipimo cha urefu viko mlangoni. Uzito wa kutajiwa kwa mdomo haukubaliki hapa, maana namba nyingi za mwisho zinagawanywa kwa eneo la mwili, mita za mraba zinazokokotolewa kwa uzito na urefu.

Saa 2 hadi saa 4. Presha ya muda mrefu, mama mjamzito mwenye mapigo ya kasi, watoto wawili wenye tundu la moyo, na mgonjwa mmoja wa wodini aliyekuja na mtungi wa oksijeni.

Saa 4:10. Mzee wa miaka 70 hivi kutoka Rombo, na binti yake. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu." Fomu ya ombi imeandikwa maneno mawili: eko, tafadhali. Hakuna dalili, hakuna dawa anazotumia, hakuna swali. Binti ametoa taarifa ya zamani, ya hospitali nyingine, inayosema valvu imebana kwa kiwango cha wastani. "Walisema ni ya wastani. Sasa mbona hata kuoga anashindwa?"

Swali zuri kuliko ile fomu.

Dopla inapima kasi ya damu. Valvu ya aota iliyobana vibaya kwa kawaida hutoa kasi ya mita 4 kwa sekunde au zaidi, na wastani wa tofauti ya shinikizo unafika milimita 40 za zebaki. Mzee ana 3.3 na 27. Ukiishia hapo utaandika "wastani" kama walivyoandika wenzetu. Lakini msuli wake umechoka: EF, sehemu ya damu ya ventrikali inayosukumwa nje kila pigo, ni asilimia 32. Bana mdomo wa mpira wa kumwagilia wakati koki imefunguliwa robo tu. Maji hayaruki mbali, na mdomo umebanwa vilevile.

Ndipo inakuja kazi ya kupima eneo la tundu lenyewe. Mgonjwa analala ubavu wa kushoto, mkono wa kushoto chini ya kichwa. Unakuza picha ya njia ya kutokea damu, chini kidogo ya valvu, unaisimamisha katikati ya pigo, unapima ukingo wa ndani hadi ukingo wa ndani. Kwa mzee huyu ni sentimita 2.0. Namba hii inazidishwa kwa yenyewe, kwa hiyo kosa dogo linakua: ukisoma 1.8, asilimia 19 ya eneo imepotea. Inapimwa mara tatu au zaidi, na kama ukungu wa chokaa iliyojikusanya kwenye valvu umeficha ukingo, unahamisha probu mpaka uonekane.

Kisha kasi ya juu inatafutwa kila dirisha: kwenye ncha ya moyo, juu ya mfupa wa kifua, na kulia kwa kifua mgonjwa akiwa amelalia ubavu wa kulia. Hapo inatumika ile probu ndogo kama kalamu isiyotoa picha, unafuata sauti kwa sikio. Watu wanairuka kwa sababu inachosha. Ni kosa kubwa, maana mara nyingi kasi ya juu kuliko zote iko upande wa kulia.

Hesabu ya mzee: mililita 44 kwa pigo, ukigawa kwa eneo la mwili la 1.66 unapata 26.5, wakati chini ya 35 ni mtiririko hafifu. Tundu ni sentimita 0.63 za mraba. Chini ya 1.0 ni kubana vibaya. Namba ya tundu inasema vibaya, kasi na tofauti ya shinikizo zinasema wastani. Je, valvu imebana kweli, au inashindwa kufunguka kwa sababu msuli hauna nguvu ya kuisukuma?

Daktari wa moyo ameitwa, mashine ya kushtua moyo imesogezwa karibu, na dobutamini, dawa ya kuutia msuli wa moyo nguvu kwa muda, inaanza kwa pampu: maikrogramu 5 kwa kilo kwa dakika, kisha 10, ukomo wetu 20. Kila ngazi unarudia vipimo vyote pale pale ulipopima mwanzo, pembe ileile.

Tumefika 10, umeme ukakatika. Betri ya akiba ya mashine ilishachoka zamani na ombi la nyingine bado liko kwenye makaratasi. Pampu ina betri yake, inaendelea kusukuma dawa kama kawaida, kwa hiyo kitu cha kwanza ni kuisimamisha. Hakuna kumpa mtu dobutamini huku huoni moyo wake. Jenereta ikashika, mashine ikawashwa upya, waya zikasomwa upya. Nusu ya dawa inaondoka mwilini kwa takriban dakika 2, basi unasubiri mapigo yarudi ya mwanzo, na unaanza tena 5. Mzee alivumilia bila neno. Nje foleni imeanza kugonga mlango.

Kwenye 15 jibu likaja. Damu kwa pigo ilipanda kutoka mililita 44 hadi 56, zaidi ya asilimia 20, na hicho ndicho kipimo cha akiba ya msuli. Kasi ikafika 4.2, tofauti ya shinikizo 43, tundu likabaki 0.66. Valvu imebana kweli, na msuli bado una akiba. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa 2003 ulionyesha kwamba waliokuwa na akiba walikufa kwenye upasuaji asilimia 5, wasiokuwa nayo asilimia 32. Hata hao wasio na akiba, wakivuka upasuaji, wengi EF yao hupanda. Kukosa akiba si hukumu ya kumnyima mtu rufaa.

Bado sijamaliza naye. Mwaka 2017 ulichapishwa mpangilio wa hatua za madhara ya moyo: sifuri hakuna dhara, moja ventrikali ya kushoto (chumba kinachosukuma damu mwilini), mbili chumba cha juu kushoto au valvu ya mitrali iliyo kati ya vyumba hivyo viwili, tatu shinikizo la mapafu au valvu ya trikuspidi iliyo upande wa kulia, nne upande wa kulia. Vifo ndani ya mwaka mmoja baada ya kubadilishiwa valvu vilipanda kutoka asilimia 4.4 hatua ya sifuri hadi 24.5 hatua ya nne. Wale walikuwa wagonjwa wa majaribio, wastani wa umri ukipita miaka 80, kwa hiyo namba zenyewe hazihamishiki hivi hivi, mpangilio unahamishika. Mzee ana chumba cha juu kilichotanuka, mililita 48 kwa mita ya mraba. Upande wa kulia unasogea milimita 19, salama. Hatua ya pili.

Chakula kimeliwa kwa kusimama.

Mchana. Binti wa miaka 24, ana moyo ulioharibiwa na homa ya rumatiki, valvu ya aota inavujisha. Hawa ndio wengi kwetu kuliko wazee wa chokaa. Ventrikali ikibana kikamilifu ina upana wa milimita 46, na kitabu kinasema 50 ndiyo mpaka wa kumpeleka kwenye upasuaji. Lakini binti ni mdogo wa umbo, eneo la mwili 1.5; gawanya unapata karibu 31, na mpaka ni 25. Ukisubiri 50 kwa mtu wa umbo lake, msuli utakuwa umeshachoka na valvu mpya haitaurudisha wote. Hii inanikera kila inapojitokeza, kwa sababu mizani ilikuwa mlangoni.

Baadaye tena, mama aliyewekewa valvu ya chuma wiki nane zilizopita, amekuja kwa eko ya msingi ambayo nyingine zote zitalinganishwa nayo. Kadi ya valvu yenye aina na saizi ameiacha nyumbani Machame. Bila saizi, kasi ya 2.9 unaisomaje? Kwa valvu ndogo ni kawaida. Kwa kubwa unaanza kutafuta damu iliyoganda. Amempigia mwanawe simu, kadi ikapigwa picha ikatumwa: saizi 19. Damu inafikia kasi yake ya juu ndani ya milisekunde 80, chini ya 100, kwa hiyo haijaziba. Ila tundu likigawanywa kwa eneo la mwili wake ni 0.7, na chini ya 0.85 valvu ni ndogo kwa mwenye nayo. Inaandikwa, ili asije akaambiwa mwakani kwamba valvu imeharibika.

Jioni, mgongo na bega la kulia vinauma, kazi iliyobaki ni kuandika taarifa tu. Ya mzee wa Rombo inaenda Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Picha za kila ngazi ya dobutamini zinaingia kwenye CD pamoja na karatasi, kipenyo cha njia ya kutokea kikiwa na alama pale kilipopimwa, kwa sababu daktari wa upasuaji atataka kupima mwenyewe, na asipoziona picha atamrudisha mzee kwenye kipimo upya.