Mtazame Anayesikiliza

Tangu Black Panther itoke mwaka 2018, mazungumzo yetu kuihusu huishia kwa Killmonger, adui wa filamu. Watu husema Michael B. Jordan, aliyemwigiza adui huyo, ndiye aliyeibeba filamu, na Chadwick Boseman, aliyekuwa mfalme T'Challa, alikuwepo tu. Jana usiku nimeiangalia tena, safari hii nikimfuatilia mwigizaji mmoja mmoja, na nimezidi kuamini kwamba steringi tunampima kwa kipimo cha mwigizaji msaidizi.

Adui hupewa vilivyoiva. Killmonger ana kidonda cha utotoni, ana hasira yenye haki ndani yake, na anakufa akiwataja mababu waliojitosa baharini kutoka kwenye merikebu za watumwa. Simpunguzii Jordan hata chembe. Pale anapokutana njozini na marehemu baba yake katika kile chumba cha Oakland, Marekani, Killmonger wa utotoni anajibu kwa macho makavu kwamba watu hufa tu, ndiyo maisha ya huku. Kisha tunamwona yuleyule akiwa mtu mzima, machozi yakimtoka. Ni sekunde chache na zinakata maini.

Boseman hakuandikiwa hayo. Kazi yake ni kupokea. Karibu kila mmoja anakuja kummwagia lake: Nakia, W'Kabi, M'Baku, mama yake, mdogo wake. Zuri anapoungama jinsi mfalme T'Chaka alivyomuua ndugu yake mwenyewe na kumtelekeza mtoto wa ndugu huyo, ndiye Killmonger, kule Marekani, macho yetu yote yako kwa Forest Whitaker, maana ndiye anayesema. Irudie sehemu hiyo, umtazame anayesikiliza. Heshima ya mwana kwa baba inamtoka usoni polepole, na hakuna neno lililoandikwa la kumsaidia.

Halafu kuna zile safari mbili za njozini, T'Challa anapokwenda kwa mababu. Ya kwanza anapiga magoti mbele ya baba yake, na mzee anamwambia ainuke, yeye sasa ni mfalme. Ya pili hapigi magoti. Anamwambia baba, na wote walio nyuma yake, kwamba walikosea, na sauti inapasuka. Kwa mtu aliyelelewa kutomkatalia mzazi, sehemu ile ni nzito kuliko mapigano yote ya maporomokoni. Na anayesimama mbele yake ni John Kani, mkongwe wa jukwaa la Afrika Kusini, ambaye ndiye aliyemsaidia Boseman kutamka Kixhosa, lugha inayosemwa kwenye filamu. Kusimama na mzee kama huyo bila kumezwa ni uigizaji.

Tuzo za Oscar za mwaka 2019 ziliipa filamu hii mapendekezo saba na ushindi mara tatu, kwa mavazi, mandhari na muziki. Mwigizaji hakutajwa hata mmoja. Chama cha waigizaji wa Marekani ndicho kilichowapa wote kwa pamoja tuzo yake kubwa ya kundi, na naona wenyewe waliielewa kazi ya wenzao vizuri zaidi. Heath Ledger alitunukiwa Oscar mwaka 2009, akiwa ameshafariki, na Joaquin Phoenix mwaka 2020, wote kwa kumwigiza Joker, yule adui mwendawazimu wa Batman. Wazimu unaonekana kwa mbali, ila utulivu lazima uusogelee.

Kwa upande wa wanawake, moyo wangu uko kwa Lupita Nyong'o, binti wa kwetu Kenya, na Nakia wake ana joto ambalo filamu isingekaa vizuri bila hilo. Lakini nafasi ya msaidizi nampa Danai Gurira. Okoye wake, jemadari wa walinzi wa mfalme, anapomwambia Nakia kwamba kiapo chake ni kwa kiti cha enzi, yeyote atakayekikalia, mwili umenyooka kama mkuki na macho yanamkana.

Gurira huyohuyo ndiye niliyemfikiria nilipomkumbuka Angela Bassett katika filamu ya pili, ya mwaka 2022. Malkia Ramonda, mama yake T'Challa, anamvua Okoye cheo huku akilia kwamba familia yake yote imekwisha. Bassett alipendekezwa kwa Oscar ya msaidizi, na alistahili. Ila nguvu ya maneno yale tunaisoma usoni mwa anayeyapokea akiwa amesimama, na ningekuwa na kura, jina la Gurira ningeliandika kando ya la Bassett.