Karatasi Yenye Majina Kumi na Moja

Nilitoka gerezani mwezi wa Machi mwaka 2019, baada ya takriban miaka 16, na kwa juma zima la kwanza sikuweza kutoka chumbani asubuhi mpaka dada yangu aje kunifungulia. Mlango haukuwa na kufuli. Nilikuwa nikiamka kabla ya alfajiri, natandika kitanda, kisha nachuchumaa mbele ya mlango huo kama tulivyochuchumaa kila siku tukihesabiwa, na kungoja. Siku ya nane dada alisimama upande wa pili, akasema kwa sauti ya chini, "Kaka, mlango uko wazi. Njoo unywe chai." Sikuweza kumjibu kwa sababu ya machozi.

Sikufungwa kwa kuonewa. Mwaka 2003 tulikwenda watu watatu kuiba dukani usiku, na mwenye duka akavunjwa mkono. Mimi nilisimama nje nikiangalia njia. Kifungu cha 296(2) cha sheria ya adhabu ya Kenya hakimtofautishi aliyepiga na aliyeangalia njia: kuwa na silaha ya hatari, au kuwa na mwenzako mmoja au zaidi, au kumdhuru mtu, lolote kati ya hayo linatosha kuufanya wizi uwe wa kutumia nguvu, na adhabu yake ni kifo. Hakimu hakuwa na adhabu nyingine ya kuchagua. Nchi yetu haijamnyonga mfungwa tangu mwaka 1987, lakini anayelala kondemu, sehemu ya gereza ya waliohukumiwa kifo, halali kwa kuhesabu miaka hiyo; husikiliza viatu vya askari.

Agosti 2009 Rais Kibaki aliwabadilishia adhabu wafungwa zaidi ya 4,000, nami nikawa mfungwa wa maisha. Kisha tarehe 14 Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Upeo ikaamua kwamba kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa kosa la mauaji ni kinyume cha katiba, kwa kuwa mshtakiwa hunyimwa nafasi ya kueleza hali yake kabla ya kuhukumiwa. Mahakama nyingine ziliupanua uamuzi huo hata ukatufikia sisi wa wizi, nikarudishwa kortini kuhukumiwa upya. Afisa wa probesheni alikuwa amekwenda hadi kwa yule mwenye duka. Ripoti yake ilisomwa mbele yangu: mzee yule hakutaka kuniona tena maishani, lakini hakutaka nifie gerezani. Nilikuja na maneno yangu niliyoyaandaa kwa miezi, na yote yakanipotea.

Nilipotoka, kila mtu aliniambia kwamba yaliyopita si ndwele. Walinitakia mema, najua, lakini yangu yalikuwa ndwele hasa, na yalihitaji kugangwa. Nililala taa ikiwaka, kwa kuwa miaka yote haikuwahi kuzimwa. Nilikula haraka, mkono wa kushoto ukiikinga sahani. Siku moja dada alinituma dukani kununua sabuni ya mche, muuzaji akaniuliza nataka ya rangi gani, nami nikasimama pale nikitokwa jasho mpaka aliyekuwa nyuma yangu akasema nipishe. Mpwa wangu, aliyekuwa mtoto wa kubebwa nilipokamatwa, ndiye aliyenifundisha M-Pesa, huduma iliyoanza mwaka 2007 nikiwa ndani. Nilimsomea namba yangu ya siri kwa sauti, akanizuia kwa upole: "Hiyo usimwambie mtu, mjomba. Hiyo ni yako." Maneno hayo yalinishtua, kwani sikukumbuka mara ya mwisho nilipokuwa na kitu ambacho afande hakuruhusiwa kukitazama.

Kilichoniinua kilikuwa karatasi. Usiku wa mwisho wenzangu walinipa ukurasa wa daftari wenye majina kumi na moja, na kando ya kila jina, mtu wa kupelekewa salamu: mama wa Likoni, kaka wa Kisauni, mke wa Kaloleni. Kwa miezi miwili ukurasa huo ulikaa mfukoni, kwa maana niliogopa kubisha milango ya watu. Nilianzia Mariakani. Mama mmoja alinitazama muda mrefu nilipomtajia mwanawe, akaketi chini palepale uani. Alikuwa ameambiwa miaka mingi nyuma kwamba kijana amefariki, na matanga alishakaa. Aliniuliza kama mwanawe anakula, kama meno yangali mazima, kama bado anacheka kwa kuziba mdomo. Niliyajibu yote, kwa kuwa nilikuwa nimelala kando yake miaka sita. Jioni ile nilipopanda matatu kurudi nyumbani, niligundua kwamba nilibisha, nikafunguliwa, nikaketi, nikaondoka, bila kungoja ruhusa ya mtu yeyote.

Majina yote kumi na moja niliyafikisha. Lakini tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Upeo ilifafanua kwamba uamuzi wa Muruatetu unahusu mauaji peke yake. Wanne katika karatasi yangu walikuwa bado wanangoja zamu ya kuhukumiwa upya kwa wizi. Kosa letu lilikuwa moja, nao walinizidi kwa tabia njema. Tofauti yetu ilikuwa tarehe ya faili kuitwa. Nilirudi katika nyumba zile nne kueleza jambo ambalo mimi mwenyewe sikuweza kulimeza. Mke wa Kaloleni hakunilaumu, na afadhali angenilaumu.

Tangu hapo hii ndiyo kazi yangu, baada ya saa za useremala. Nawasaidia jamaa kuandika maombi kwa kamati inayomshauri Rais kuhusu msamaha, naandamana nao siku za kuwaona wafungwa, na anayetoka bila mtu wa kumpokea namngoja langoni. Bado nalala taa ikiwaka.

Alhamisi hii anatoka mmoja wa wale wanne, kwa msamaha. Mkewe amenipigia mara tatu tangu jana kuuliza amvalie leso gani. Nimemwambia achague mwenyewe, nami nimenunua kandambili namba tisa, maana namkumbuka miguu.