Ganuni ya Unguja Katika Mtaa wa Muhammad Ali

Kundi letu la taarab lilialikwa Cairo kupiga pamoja na wanamuziki wa huko, na gharama ya kwanza iliyotuumiza tuliikuta uwanja wa ndege wa Unguja, tulipoambiwa kwamba ganuni, ala yangu ya nyuzi nyingi, ni ndefu mno kuingia na abiria. Ilibidi ishushwe pamoja na masanduku, kwa malipo ya ziada yaliyokaribia nusu ya tiketi ya mtu mmoja. Tulichangishana, tukalipa.

Cairo ni mji mkavu. Ganuni ina nyuzi 78, tatu kwa kila sauti, na uzito wa mvuto wake wote hubebwa na daraja lililokaa juu ya vipande vya ngozi ya samaki. Ngozi ya ganuni yangu imezoea unyevu wa bahari. Katika hewa ile ilijikaza usiku kucha, na asubuhi nilipofungua mkoba nilikuta kipande cha upande wa sauti nene kimepasuka, daraja limeinama. Onyesho lilikuwa kesho yake.

Mwenyeji wetu, mpiga fidla, alinipeleka Mtaa wa Muhammad Ali, kwenye karakana za mafundi wa ala kama udi. Fundi aliyetupokea alikuwa mzee wa maneno machache. Aliigonga ngozi kwa kucha, akalegeza nyuzi, akainua daraja, akaloweka ngozi mpya na kuigandisha kwa utaratibu ambao sitausahau, kisha akaniamuru nisiiguse mpaka ikauke. Bei aliyotaka ilikuwa ya haki kabisa, tofauti na hoteli tuliyofikia, ambako chai na mkate viliuzwa kama karamu.

Aliniuliza ganuni imefikaje Zanzibar. Nilimsimulia jinsi Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alivyomtuma Mohamed Ibrahim kuja Cairo hiyo hiyo kujifunza ganuni, na jinsi kundi la taarab la Ikhwani Safaa lililoundwa mwaka 1905 linavyoendelea kupiga hadi leo. Hakuwa amepata kusikia habari hizo. Aliwaita mafundi wa jirani, akanipa ganuni iliyotundikwa ukutani na kunitaka nipige. Nilipiga bashraf, muziki wa ala tupu tunaofungulia maonyesho nyumbani, nao wakasikiliza mpaka mwisho, ila mmoja akanionyesha kwamba sauti ya tatu ya rasti, moja ya ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, ninaipandisha kidogo kuliko wao. Naamini alisema kweli, kwani sisi tumekua tukipiga pamoja na kodiani na vinanda vya umeme, ambavyo sauti hiyo, iliyo katikati ya vibonye viwili, havina.

Hapo ndipo nilipoikumbuka Unguja kwa uchungu. Tangu mwaka 2001 tunacho Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, na kijana mwenye nia anaweza kufundishwa kupiga. Lakini ngozi ya ganuni yangu ingepasukia nyumbani, ningengoja mpaka apatikane msafiri wa kuniletea nyingine, kisha nimtafute wa kuiweka. Tulirithi muziki kutoka mji huu, na ufundi wa kuutunza tukauacha karakanani. Kama ningekuwa na uwezo, ningemleta mzee yule akae nasi msimu mzima, awafundishe maseremala wetu, ambao mikono wanayo.

Onyesho lilifanyika, na ganuni ilishika sauti. Baada ya takasim, kipande cha ala kinachobuniwa papo hapo, watu waliita "Allah!" kutoka pande zote za ukumbi, lakini mwimbaji wetu alipoanza walitulia kimya. Yeye amezoea wanawake kuinuka katikati ya ubeti, wakija kwa madaha kumtunza pesa, na usiku ule hakuinuka hata mmoja. Wakati wa mapumziko aliniuliza nyuma ya pazia kama amewaudhi. Nilimweleza kwamba ndiyo heshima ya ukumbi wao, naye hakuridhika mpaka wimbo wa mwisho, ambao walitutaka tuurudie.