Mabonde mawili kwenye buti

Fundi wa bodi ameniuliza leo nimegongwa na nini kwa nyuma. Gari ni Toyota kuukuu, rangi imechujuka, na kwenye mfuniko wa buti kuna mabonde mawili, kila moja kama kiganja, yameachana upana wa mabega. Nikamwambia sijagongwa, nimesukumwa. Akacheka kwa adabu, akaendelea kuandika bei.

Aliyesukuma ni mpwa wangu, mwaka ule wa korona. (Kwetu mjomba na mpwa huitana mjomba, kwa hiyo hapa nyumbani Columbus mtu akiita "mjomba!" tunaitika wawili.) Alikuwa akichezea futiboli ya Kimarekani chuo kidogo cha hapa Ohio, daraja la tatu, ambako chuo hakiruhusiwi kumpa mtu ufadhili kwa sababu ya mchezo. Unalipa ada kama wenzako, na alfajiri unaamka kwenda kuumizwa bure. Yeye alikuwa mmoja wa wale watano wanene wa mbele, ambao, ukimtoa yule wa katikati anayeuanzisha mpira, msimu mzima huenda wasiushike hata mara moja. Kazi yao ni kuwazuia wapinzani wasimfikie kwotabeki, yule anayerusha mpira. Miaka yangu ya kwanza Marekani niliuona mchezo huu kama watu wanaoangukiana kwa zamu. Ni yeye aliyenifundisha kuwatazama hao watano badala ya kuufuata mpira.

Tarehe 12 Machi 2020 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kilifuta mashindano yake makubwa ya kikapu, na siku zile zile mazoezi ya futiboli ya majira ya kuchipua yakasimama. Bweni likafungwa. Dada yangu, mama yake, hufanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na aliogopa kumletea mwanawe ugonjwa. Basi kijana akahamia kwangu, chumba cha chini, na miguu yake mirefu ikining'inia nje ya kitanda.

Kocha alikuwa akituma ratiba kwa simu na kuwakusanya kwenye Zoom. Vyuma vya kunyanyua vilikuwa vimekwisha madukani. Kijana akatwaa gunia la mchele wa basmati, akawa anapanda na kushuka nalo ngazi, mpaka mke wangu akauliza kama huo mchele tutaupika au tutauzika. Halafu ikaja zamu ya gari. Mimi kwenye usukani, gia huru, yeye nyuma, kwenye maegesho ya kanisa yaliyokuwa matupu hata Jumapili.

Lakini gari halina hila. Ukilisukuma linakwenda, ukiacha linasimama. Yeye alihitaji mtu wa kumjia kushoto kumbe nia yake ni kulia, mtu wa kumwegemea na kumvuta jezi refa asipoona. Mkimbiaji anaweza kukimbia peke yake barabarani. Hata mpigaji mateke ataweka mpira wake chini akapiga. Yeye mwili wake haukuwa na la kufanya bila mwili wa mwenzake, na mwaka ule mwili wa mwenzako ndio uliokuwa umekatazwa.

Ndipo nikabeba godoro. Lilikuwa la kitanda cha mtoto, nimelikumbatia kifuani uani, mzee wa miaka 47 mwenye magoti mabovu. Mara ya kwanza nilijikuta kwenye maua ya jirani. "Mjomba, usisimame wima hivyo. Na unidanganye!" Nikajaribu kumdanganya. Macho yangu yalikuwa yakinisaliti kila mara. Alijua niendako kabla yangu.

Ya Agosti nayasema haraka kwa sababu bado yananiudhi. Tarehe 5, Big Ten, ligi ya vyuo vikubwa vya daraja la kwanza, ilitoa ratiba ya mechi kumi. Siku hiyo hiyo NCAA ikafuta fainali za vuli za daraja la pili na la tatu. Tarehe 11 Big Ten nao wakaahirisha msimu, kisha Septemba 16 wakageuka: watacheza, wachezaji wapimwe kila siku, na atakayethibitika kuugua akae nje siku 21. Chuo cha mpwa wangu hakikuwa na pesa za kumpima mtu kila siku. Dada yangu, aliyekuwa akiwaosha wazee, alikuwa akipimwa mara mbili kwa wiki. "Hao wana nini?" akaniuliza kwa simu. Wana televisheni, dada.

Oktoba 24 Ohio State, chuo kikuu cha hapa Columbus kilichomo Big Ten, waliwafunga Nebraska 52 kwa 17, katika uwanja wenye viti zaidi ya laki moja, bila umma. Tulitazama sebuleni. Kijana hakusema neno, ila mabega yake yalikuwa yakicheza kila mpira ulipoanzishwa. Kisha mechi zikaanza kuyeyuka: Maryland, Illinois, mwishowe Michigan ya Desemba 12. Hiyo ya Michigan ilikuwa ikichezwa kila mwaka tangu 1918, na 1918 ndio mwaka wa ile homa kuu. Homa ile haikuizuia, hii imeizuia.

Msimu ambao hukucheza haukuhesabiwa, kwa hiyo angeweza kurudi 2021. Tulikaa usiku mmoja na kalamu na karatasi mezani jikoni. Mwaka mmoja zaidi ulikuwa ada ya mwaka mmoja zaidi, na masomo alikuwa anayamaliza. Akahitimu Mei. Ikawa mechi yake ya mwisho ni moja ya Novemba 2019, waliyofungwa. Nilipomuuliza anakumbuka nini, alisema basi la kurudia lilikuwa na baridi.

Leo nilimtumia picha ya buti pamoja na bei ya fundi, nikamuuliza tunyooshe au tuache. Amejibu wakati wa chakula cha mchana, kazini kwake:

"Nyoosha tu mjomba. Lakini umeona la kulia lilivyo dogo? Kocha alikuwa akinigombeza kila siku kwamba mkono wa kulia unachelewa, nami nikibisha."