Tisheti ya moto juu ya chukudu

Jumapili usiku, Goma.

Leo asubuhi, kwenye mteremko wa kutoka Munigi, alinipita Papa mmoja na chukudu yake, ile skuta kubwa ya mbao ya kubebea mizigo. Kabichi zilikuwa zimepangwa mpaka zimemziba nusu ya uso. Goti moja alilipumzisha juu ya kandambili kuukuu iliyopigiliwa misumari kwenye ubao, mguu wa pili ukining'inia nyuma, tayari kukanyaga breki. Alivaa tisheti nyeusi iliyopauka hadi kuwa kijivu. Kifuani palikuwa na neno moja kwa herufi zinazowaka moto: THRASHER.

Mimi nilikuwa na planshi yangu kwapani, yaani skeitibodi, ubao wa kuteleza wenye magurudumu manne. Nikacheka peke yangu njiani kama mtu aliyechanganyikiwa. Halafu kicheko kikakauka, na tangu saa ile kichwa hakijatulia. Umeme bado upo, basi niandike kabla haujakatika.

Kwa asiyejua: Thrasher ni jarida la watu wa skeitibodi, lilianza San Francisco mwaka 1981. Kwa miaka mingi tisheti yake ilikuwa kama kitambulisho. Ukiivaa, wenzako wanatarajia kuona makovu kwenye viwiko vyako. Baadaye, kama miaka 10 iliyopita, mastaa wa muziki wakaanza kuivaa, Rihanna na Justin Bieber wakiwemo, na mhariri wa jarida, marehemu Jake Phelps, akapandwa na hasira akasema hadharani kwamba hao si yeye aliyewapelekea nguo. Kwa watu wa skeitibodi, mwenye kuvaa bila kuteleza ni mtu wa kujifanya, na hakuna tusi linalouma kuliko hilo.

Sasa yule Papa wa kabichi tumwite nani?

Nitarudi kwake. Kwanza nikiri dhambi yangu. Miaka michache baada ya volkano yetu, Nyiragongo, kulipuka 2002, kule Majengo kulikuwa na chumba cha mabati chenye televisheni mbili, jenereta nje, na foleni ya watoto wenye noti zilizokunjwa mkononi. Wengi walikuja kucheza mpira. Mimi nilinaswa na diski moja iliyojaa mikwaruzo, mchezo wa video wa skeitibodi, Tony Hawk's Pro Skater. Sikujua kwamba Tony Hawk ni mtu mwenye damu na nyama. Nilimdhania kikatuni kama wengine. Wala sikujua kwamba mwaka uleule mchezo ulipotoka, 1999, alikuwa amezunguka hewani mara mbili na nusu mbele ya kamera za mashindano ya X Games, baada ya kuanguka na kuanguka tena, muda wa shindano ukiwa umeshakwisha. Kwenye televisheni yetu, ukianguka unahesabu moja, umesimama. Goti halichubuki. Mama hakuulizi suruali imechanika wapi.

Kwa hiyo nikianza kulalamika kwamba biashara imeuharibu mchezo huu, mnikumbushe kwamba mimi mwenyewe niliingia kupitia mlango wa duka. Tena duka la kulipia kwa dakika.

Planshi ilinifikia baadaye sana. Niliikuta Birere, imelala kati ya viatu vya mitumba na sufuria za alumini. Muuzaji alikuwa na hakika kabisa kwamba ni kifaa cha kusogezea friji. Alinionyesha na namna: unaweka friji juu, unasukuma, iko nyepesi, hata mama peke yake anaweza. Nikamwambia sina friji. Akasema utapata. Nikampa dola 6.

Wiki ya kwanza haikutembea mita 10. Mnajua vumbi letu: jeusi, ni makoro, mawe ya lava, yaliyosagwa na matairi ya malori tangu lava ipoe, na linakata kama msasa. Ndani ya kila gurudumu mna rulemani (beringi) mbili, jumla 8, kila moja ndogo kuliko kifuniko cha chupa ya bia. Zote zilikuwa zimekwama. Nilizitoa kwa ncha ya bisibisi, nikazitia kwenye kopo la nyanya, nikanunua esansi kwa Kadhafi wa kona, ndivyo tunavyowaita wauza petroli wa barabarani, nikazitikisa mpaka maji yale yakawa kama kahawa. Nikazianika juu ya gazeti. Fundi cherehani wa jirani akanipa tone moja la mafuta yake kwa kila rulemani, moja tu, anahesabu kwa sauti. Nilipozungusha gurudumu kwa kidole halikusimama haraka. Nilikaa nikalitazama mpaka likasimama lenyewe. Hadi leo nafanya kazi hiyo kila Jumamosi ya pili, na nadhani naipenda kuliko kuteleza kwenyewe, lakini hilo msimwambie mtu.

Kuna kitu niligundua nikiwa na lile kopo mkononi. California, miaka ya 1960, watoto waliteleza kwa magurudumu ya udongo mgumu, na kokoto moja tu ilitosha kukutupa kwa meno. Mchezo ukafifia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kijana mmoja, Frank Nasworthy, akaanza kuuza magurudumu ya yurethani, plastiki yenye ulaini kidogo inayomeza kokoto badala ya kugombana nayo, na kila kitu kikafufuka. Chukudu nazo, wazee wanasimulia, zilianza kuonekana huku Kivu miaka hiyohiyo. Fundi wa huku alikabiliwa na swali lilelile la kokoto, akalijibu kwa alichokuwa nacho: gurudumu la mbao, akalivika ukanda wa tairi la gari, akapigilia misumari. Hakuna aliyemwandikia barua mwenzake. Ubao, magurudumu, mteremko, kokoto. Ukiwa na vitu hivyo vinne utafika palepale.

Tofauti ni kwamba mmoja wao anabeba viazi.

Sasa ile hadithi ya matangazo, ambayo nimeikalia muda mrefu. Ilikuwa kabla vita havijaingia mjini. Kampuni moja, sitaitaja, ilitafuta "vijana wa kisasa wa Goma". Wakati huo tulikuwa watu 9 tunaokutana kwenye uwanja wa baskiti wa shule moja, planshi 4 kati yetu, zamu kwa zamu, anayengoja anashika saa. Wakaja na magari mawili. Wakatupa planshi mpya, nyeupe, zenye rangi za kampuni, zinanuka gundi. Jioni wakazikusanya zote, wakazihesabu, wakaondoka nazo. Sisi tukabaki na tisheti moja moja, soda, na pesa ya moto, yaani pikipiki, ya kurudi nyumbani.

Si hilo lililonikaa rohoni. Mdogo wangu, wa tatu kuzaliwa kwetu, alikuwa anajaribu kuruka kesi ya bia kwa oli. Oli ndiyo herufi A ya mchezo huu: unapiga mkia wa planshi chini kwa mguu wa nyuma, unaburuta ubavu wa kiatu cha mbele juu ya ubao, na planshi inapanda nawe bila kushikwa na mkono. Ilizaliwa Florida, kwa Alan Gelfand, kwenye mabwawa ya zege, halafu Rodney Mullen akaileta chini kwenye ardhi tambarare mwanzoni mwa miaka ya 1980, na nusu ya vituko vyote mnavyoviona leo vimejengwa juu yake. Mdogo wangu alianguka mara 6. Mara ya nne aliacha ngozi ya kiwiko pale chini. Yule dada wa mavazi akaja mbio. Nikafikiri, asante Mungu, ana bandeji. Alikuja na tisheti nyingine safi, kwa sababu damu ilikuwa imedondokea nembo.

Mara ya 7 akapita juu ya kesi. Kwenye tangazo utaona hiyo tu, polepole, na muziki. Zile 6 hazipo. Kesi ya bia nayo haipo, waliifuta wakaweka herufi za kampuni, kwa hiyo anaonekana anaruka jina lao.

Wakati huohuo chukudu ilikuwa inapita na magunia ya makaa. Mkubwa wao akakimbia kumsimamisha mwenyewe: ashushe mzigo, asimame nyuma yetu kidogo, mji uonekane. Yule mzee akamtazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Muzigo inaenda soko," akasema. Akasukuma, akaenda.

Sisi tulikuwa tumekubali kwa soda.

Tisheti ile ninayo, kwa taarifa yenu. Pamba yake ni nzuri, nalalia.

Nikisoma habari za huko ng'ambo nacheka, maana na wenyewe wanauziana kama sisi tunavyouziana vocha. Supreme lilikuwa duka la vijana wa planshi, New York, 1994, milango wazi ili waingie wakiwa juu ya planshi. Mwaka 2020 kampuni ya VF, ambayo tayari ilikuwa imewanunua Vans, wa viatu vya skeitibodi, tangu 2004, ikalinunua kwa dola bilioni 2.1. Mwaka 2024 ikaliuza kwa bilioni 1.5 kwa EssilorLuxottica, watengenezaji wa miwani. Dola milioni 600 zimeyeyuka njiani, na sijaona hata mmoja wa hao akianguka mbele ya watu.

Lakini kuna siku moja inayonivurugia hoja yangu. Julai 2021, Olimpiki ya Tokyo, mara ya kwanza skeitibodi kuingia. Ilikuwa miezi miwili tu tangu Nyiragongo ilipuke tena, lava isimame Buhene na sisi turudi na magodoro yetu kichwani kutoka Sake. Mdogo wangu alikuwa ameshika simu, mimi nimeegemea bega lake, megabaiti zinakwisha. Msichana wa Japani, Momiji Nishiya, miaka 13, dhahabu. Pembeni yake Rayssa Leal wa Brazili, naye 13, fedha. Wote walianguka mbele ya dunia nzima, na kila walipoanguka kamera ilibaki pale pale. Walikuwa wanainuka wanajipangusa. Hakuna tamasha la biashara kubwa kuliko Olimpiki, na hao ndio walioonyesha kuanguka. Mdogo wangu hakusema kitu, aligusa kiwiko chake tu.

Kwa hiyo sijui nigombane na nani. Kuuza hakunikeri. Chukudu yenyewe ni biashara tupu, imelipa karo za watoto wangapi katika mji huu, na bado tumeisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu pale mjini kati. Ninachokasirikia ni mkono ule unaofuta zile mara 6. Na hata hapo nasita, kwa sababu bila watu wa Ulaya kununua mtindo wa msimu mmoja na kuutupa, balo la mitumba lisingefika Birere, planshi isingekuwa kati ya sufuria, na mimi saa hizi ningekuwa nimelala.

Nirudi kwa Papa wa kabichi. Nilimkuta chini ya mteremko, amesimama anakaza msumari kwa jiwe. Nikamsalimia.

"Papa, habari ya mulima?"

"Muzuri. Hii kaplanshi yako njo unatembelea?"

Nikampa. Akaipindua kama mtu anayechagua samaki. Akazungusha gurudumu moja, likalia zzz, akatega sikio, akatikisa kichwa kwa heshima. Rulemani nzuri zinajulikana na kila mwenye chukudu. Akabonyeza yurethani kwa kidole gumba. "Haitabeba hata gunia moja," akasema, bila dharau, kama daktari.

Nikamuuliza juu ya tisheti. Anajua inasema nini?

Akajitazama kifuani, kama amesahau amevaa nini. "Si ni mulima wetu? Angalia moto." Akaonyesha kwa kidevu nyuma yetu, kule Nyiragongo ilikokuwa imejifunika wingu. "Niliinunua sababu ya hiyo. Ile mwaka tulikimbia mimi na bibi na watoto, nyumba ikaenda. Nikaona hii kwa balo, nikasema, iko yangu."

Sikumwambia habari za San Francisco. Ningeanzia wapi?

Akapandisha goti lake juu ya kandambili, akasukuma mara mbili tatu, mzigo ukaanza kujivuta wenyewe. Nikaweka planshi chini nikamfuata. Pale kwenye lami nilikuwa karibu naye, nasikia ule mlio wa tairi na mbao, mzito, na wangu mwembamba pembeni. Kama mita 100 hivi. Halafu lami ikaisha, yeye akaingia kwenye makoro bila kupunguza mwendo, na mimi gurudumu la mbele likagonga jiwe nikaenda kwa viganja.

Alisikia. Aligeuka nusu, akaona niko mzima, akacheka kwa sauti, mkono mmoja ukabaki juu hewani mpaka kabichi zilipomficha.

Nimeosha viganja kwa maji ya chumvi. Kuandika kunauma kidogo kwenye herufi za kulia.