Baraza letu la mbao Jambiani

Jamani mbao za nje huku pwani zinateseka, jua linazipiga mchana kutwa, upepo wa kusi unaleta chumvi, ikija masika zinalowa wiki nzima, kwaiyo lile baraza la nyuma kwa bibi lilikua limeshageuka kijivu kabisa na vanishi ya zamani inabanduka kama magamba ya samaki.

Tulianza kwa kuosha na maji baridi ya mfereji na sabuni, brashi ya nguvu, manake chumvi ikibaki ndani hakuna kitu kitashika. Misumari iliyoliwa na kutu tukang'oa tukaweka skrubu za stenlesi. Halafu tukaacha zikauke siku nne za jua, hapo fundi alitaka kuanza kupaka siku ya pili nkamkatalia, mbao mbichi ukiipaka unafungia maji ndani. Msasa namba 60 kwanza kisha 100, unafata mkondo wa mbao usikate kati, na rangi ya mvule ikatoka tena, bibi mwenyewe alikuja kuishika kwa mkono.

Safari hii sijaweka vanishi, nimepaka mafuta ya kitani, kidogo kidogo, yanayobaki juu unafuta. Ila yale matambara msiyakunje mkayatupa pembeni, yanaweza kujiwasha moto yenyewe, yatandazeni nje yakauke au yatieni kwenye ndoo ya maji.

Kabla ya masika ntarudia mkono mmoja tena inshaallah.